Safu Mbili

Sigridi ameuliza kwa Kiswahili chake cha kupapasa:
daktari wa baba anataka habari za ukoo. Babu alikufa na nini?
Nimechukua daftari la darasa la tano, nikapiga mstari katikati,
kushoto Gungu, kulia Norwe,
kama ninavyowafundisha watoto kulinganisha.

Babu Ruhaga. Tulisema upepo ulimpiga.
Alikuwa anafunga kamba ya kiatu, mdomo ukaenda upande.
Akachanjwa, akafukizwa, akazikwa.
Nimeandika: upepo. Nimefuta. Nimeandika: presha, labda.
Hakuna aliyempima. Nimeifuta labda, kisha nikairudisha.

Mapacha: Bukuru baba yangu, Butoyi baba yake.
Ziwa moja la mama, ziwa moja la maji,
mpaka mmoja alipofuata ufundi wa injini, akaoa hukohuko.

Chumvi. Huku migebuka ya kukausha, dagaa wa Kibirizi,
na mkono wa baba uliofika kwenye kopo kabla ulimi haujaonja.
Kule nyama za pakiti, supu ya unga, mkate
ambao Sigridi anasema chumvi yake haionekani.
Sigara: baba aliacha siku zilipopanda bei.
Butoyi alizianza kwa ajili ya baridi.

Vidonge. Hapa safu zikaanza kunisumbua.
Baba aliviacha kwa sababu alijisikia mzima.
“Dawa ni ya mgonjwa,” alisema, “mimi nabeba mifuko miwili ya saruji.”
Butoyi huletewa vyake kwenye kisanduku,
Jumatatu mpaka Jumapili, kila siku na mlango wake.
Tangu mkewe afariki, hafungui milango.

Saa. Hii nimeiandika kwa wino mwekundu.
Baba alianguka sokoni Mwanga, saa nne asubuhi.
Kabla hajagusa chini, mikono sita ilishamdaka.
Kilahumba akamwaga ndizi zake, akamlaza kwenye mkokoteni,
muuza vitenge akatangulia mbio, akipiga kelele: njia! njia!
Dakika kumi na mbili, tuko mlangoni kwa daktari.
Lakini mashine ya kuutazama ubongo ilikuwa mbali,
safari ya usiku na mchana,
na bila picha nani ajue kama ni donge au mshipa umepasuka?
Dawa ya kuyeyusha donge
humwua yule aliyepasuka.
Kwa hiyo tulisubiri. Nilihesabu vigae vya dari, vilikuwa na madoa ya popo.

Butoyi, ghorofa ya nne. Mashine iko mtaa wa pili,
dawa iko tayari, gari la wagonjwa halilali.
Alianguka jioni, kati ya sinki na meza.
Alisikia majirani wakipanda ngazi. Aliwasikia wakishuka.
Sigridi alifungua mlango kesho yake mchana,
na saa za ile dawa zilikuwa zimekwisha, moja moja,
zikiwa zimelala naye sakafuni.

Nilitaka kujumlisha.
Kwamba tungewakopesha mikono sita ya Mwanga,
isimame kwenye zile ngazi,
nao watukopeshe picha moja tu.
Sikuandika. Mwalimu hafundishi hesabu asiyoimudu.

Mazoezi. Kule mwanamke huja Jumanne na mpira wa bluu.
Huku mama humtia baba donge la ugali kiganjani:
“Finya! Finya kama unamdai mtu.”

Jana tuliwaonganisha kwa video.
Baba amepoteza upande wa kulia, na maneno.
Butoyi amepoteza kushoto; maneno anayo yote,
hana wa kumwambia.
Baba akainua mkono wa kushoto, Butoyi akainua wa kulia,
kama mtu aliyejikuta mbele ya kioo asichokijua.
Mtandao ukakata.

Nimempigia picha Sigridi ukurasa kama ulivyo, na madoa ya ufutio.
Chini nimeongeza: mfungulie Jumatatu.
Sasa naenda kulificha kopo la chumvi,
mahali pa tatu wiki hii.
Baba hasemi kitu,
ila huliona.